Naomba ushauri: uzeeni nimeanza kutamani michezo

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nina miaka 63, mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Tangu nistaafu nikiwa na 60, siku zangu ni redio, dawa za presha na misiba. Juzi nilicheza rede na wajukuu uani, nikacheka hadi machozi (na nilipigwa mpira mara mbili tu!). Binti yangu akanuna: "Mama, majirani watasemaje?"

Nimejaribu kwenda barazani kwenye bao, nikakuta wanaume watupu. Kikundi chetu cha vikoba nacho ni marejesho tu, hakuna utani.

Wenzangu wa rika hili, mnacheza michezo gani isiyoumiza magoti? Na binti nimwambieje bila kugombana?