Naomba ushauri: sinthesaiza imegoma kupokea programu mpya

Habarini wakuu. Nina sinthesaiza (kinanda cha umeme cha kutengeneza sauti) ya mtumba, nilikuwa naipandisha toleo jipya la programu yake ya ndani kwa faili la SysEx (ujumbe maalumu wa data kwa kifaa husika) kupitia MIDI, ile njia ya vyombo vya muziki na kompyuta kuwasiliana. Kufika kama nusu, skrini ikaandika kosa la cheksamu (namba ya kuhakiki kama data imefika salama), ikaganda. Sasa nikiiwasha inasubiri faili tu, sauti haitoki. Angalau haijazima kabisa.

Faili nimepakua upya, kompyuta nimebadilisha, na kwenye MIDI-OX, programu ya kompyuta ninayotumia kutuma faili, nimeongeza muda wa kupumzika kati ya ujumbe mmoja na mwingine. Wapi! Inakwama palepale. Nashuku waya wangu wa USB kwenda MIDI, ule wa bei chee. Mingi ya aina hiyo huharibu ujumbe mrefu.

Je, ninunue kiunganishi bora kwanza, au dalili hizi ni za chipu ya kumbukumbu kufa? Na kurudisha toleo la zamani kunaweza kuifufua? Natanguliza shukrani.