Miparachichi ya upande wa chini inakufa: ninunue miche ya kloni au nioteshe kokwa za kienyeji?

Mkulima wa Mutuini

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Shamba letu liko Mutuini, Dagoretti. Udongo ni mwekundu, na shamba linateremka mpaka kwenye kijito. Miti ya juu, karibu na nyumba, ni ya aina ya Hass na Fuerte chache, na inazaa vizuri. Ya chini inakauka mmoja baada ya mwingine. Majani yanakuwa madogo na kupauka, ncha za matawi zinabaki uchi, mti unabeba matunda mengi yasiyokua, halafu unakwisha. Kinachonishangaza ni kwamba majani yananyauka hata wakati udongo umelowa.

Mwenye kitalu mmoja ameniambia dawa ni miche ya Hass iliyopandikizwa juu ya shina la kloni linaloitwa Dusa, kutoka Afrika Kusini. Bei yake ni mara kadhaa ya mche wa kawaida. Mama anasema hizo ni pesa za kutupa, nioteshe kokwa za kienyeji nipandikize mwenyewe kama watu walivyofanya miaka yote. Nataka kujaza mapengo kabla ya mvua ndefu. Kuna tofauti ya kweli kati ya hii miche?

Jirani wa Ruaka

Mti unaonyauka huku udongo umelowa, tatizo ni mizizi. Usinunue chochote kabla hujachimba ukaona. Kama chanzo bado kiko ardhini, mche mpya utaenda njia ileile, uwe wa bei gani.

Afisa Mstaafu

Kijana wangu, tuanze na ugonjwa, mche utafuata.

Dalili ulizotaja ni za kuoza mizizi, na adui mkubwa wa mizizi ya parachichi duniani kote ni Phytophthora cinnamomi. Watu humwita ukungu, lakini si ukungu halisi; ni wa ukoo mmoja na yule anayeleta blaiti ya viazi na nyanya. Mbegu zake huogelea. Udongo ukijaa maji, zinaogelea hadi kwenye ile mizizi myembamba iliyo karibu na uso wa ardhi na kuiozesha. Mparachichi unanywa kupitia hiyo mizizi ya juu. Ikiisha, mti unakuwa na kiu huku umesimama majini, na ndiyo maana unauona ukinyauka wakati wa mvua.

Usiniamini mimi, nenda ukaangalie. Chini ya mti mgonjwa, mahali kivuli cha matawi kinapoishia, ondoa majani makavu na ufukue kwa mkono, kina cha kiganja kinatosha. Mizizi mizima ina rangi ya maziwa na inapinda. Iliyooza ni myeusi na inakatika ukiigusa tu, na pengine usikute mizizi midogo kabisa. Halafu bandua kidogo gamba la shina pale linapoingia ardhini. Ukikuta utando mweupe chini ya gamba, wenye harufu ya uyoga, huyo ni Armillaria, anayeishi kwenye visiki vya miti ya zamani. Kwa huyo, Dusa haikuteuliwa, kwa hiyo utakuwa umenunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Kuna kipimo cha nyumbani pia. Weka udongo wenye vijizizi kwenye ndoo safi, mimina maji yapite juu ya udongo kama vidole viwili, kisha simamisha humo parachichi gumu, bichi, lisilo na mkwaruzo hata mmoja, nusu ndani na nusu nje. Fuerte inafaa kwa sababu ngozi yake ni laini. Acha siku chache ndani ya nyumba. Kama vimelea vya jamii hiyo vimo, madoa ya kahawia hutokea pale maji yanapoishia kwenye tunda. Ukitaka uhakika, peleka udongo na mizizi kwa watafiti wa kilimo wa serikali, KALRO Kabete, pale Waiyaki Way, nawe hauko mbali.

Wala usidhani ni shida ya wakulima wadogo wa hapa peke yao. Mti mama wa Hass wenyewe, ule wa Rudolph Hass kule California aliousajilia hati miliki mwaka 1935, ulikufa kwa kuoza mizizi na ukakatwa mwaka 2002.

Fundi wa Miche

Mzee amemaliza ya ugonjwa. Mimi niongee ya kloni kwa sababu naona watu wanauziwa jina bila kuelezwa.

Kila kokwa ya parachichi ni mtoto mwenye tabia zake. Ukichukua kokwa kutoka mti mmoja wa kienyeji, ukapandikiza Hass juu ya zote, juu utakuwa na Hass moja lakini chini kila mti una mizizi ya aina yake. Mmoja utavumilia maji, wa pili utakufa, wa tatu utakuwa mkubwa usiozaa. Kloni maana yake ni mizizi ileile katika kila mche. Dusa ilianzia kwenye mti uliobaki hai Afrika Kusini katika shamba lililoshambuliwa na ugonjwa huu, na watu wa Westfalia, kampuni ya parachichi ya huko, wakauzalisha. Kabla yake kloni iliyojulikana zaidi ni Duke 7 ya California. Kwa hiyo ubora wake si hadithi.

Bei nayo ina sababu. Unaotesha kokwa kubwa, unapandikiza juu yake kitawi cha Dusa. Kikishika, mche unaingizwa chumba cha giza. Chipukizi linarefuka likiwa jeupe lenye umanjano, bila kijani. Likitoka gizani, sehemu yake ya chini inakwaruzwa, inapakwa homoni ya mizizi, inavalishwa pete ya chuma na kuzungushiwa udongo safi. Sehemu iliyokulia gizani ndiyo inayokubali kutoa mizizi. Tawi la kijani la parachichi hukataa mara nyingi. Kadiri shina linavyonenepa, pete inainyonga kokwa, na Dusa inabaki kwa mizizi yake yenyewe. Ndipo Hass inapandikizwa juu. Njia hii ilianza na Frolich wa chuo kikuu cha California, na kitalu cha Brokaw kikaiboresha kwa biashara miaka ya 1970. Ni mwaka na zaidi wa kazi kwa mche mmoja.

Sasa hapo ndipo ulaghai unapoingia, maana ukitazama juu tu, miche yote ni Hass. Mwombe mwenye kitalu akutolee mche mmoja mfukoni mbele yako. Mche wa kokwa utaona vipande viwili vya kokwa vimeshika shingo ya shina, au kovu lake, na mzizi mkuu mmoja unaoshuka. Mche wa kloni mizizi inatoka pande zote za shina lenyewe, hakuna mzizi mkuu, na chini kabisa ama utakuta pete na mabaki ya kokwa iliyonyongwa, ama alama ya mahali ilipokatwa. Akikataa kukutolea hata mmoja, ondoka. Muulize pia vitawi vya Dusa alivitoa wapi. Mimea inayoingia nchini inahitaji kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa serikali, na aliyeifuata njia halali ana karatasi za kukuonyesha.

Njombe Juu

Salamu kutoka Njombe. Ndugu, mama naye asikilizwe. Huku wengi tunabebesha, yaani kupandikiza, kwenye miche ya kokwa na mashamba yapo. Cha muhimu kokwa uichume ndani ya tunda lililotoka mtini, usiokote lililoanguka chini, kwa sababu udongo wa chini ya mti ndio wenye ugonjwa. Kokwa ziloweke kwenye maji ya nyuzijoto 49 hadi 50 kwa dakika 30, kisha zipoze na uzianike kivulini. Tumia kipimajoto, usikisie kwa kidole. Yakizidi, kokwa zinaiva. Mifuko ya miche iweke juu ya kichanja, isiguse ardhi.

Mama Kamulu

Naomba kuingilia. Sisi huku Kamulu udongo ni mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi, na maji ni ya kisima yenye chumvi. Dusa itanifaa?

Fundi wa Miche

Mama, pima maji kwanza. Mparachichi unachukia chumvi, ncha za majani zitaungua zikianzia pembeni. Mizizi ya jamii ya Meksiko ndiyo dhaifu zaidi kwa chumvi. Ile ya pwani za joto za Karibi inavumilia, lakini baridi haiwezi. Kloni ya Toro Canyon ya California inasifiwa kwa kuvumilia chumvi. Na huo udongo unashika maji sana, kwa hiyo bila kuinua matuta, kwa ushauri wangu usipande parachichi hapo kabisa.

Mkulima wa Mutuini

Asanteni sana, mzee pamoja na Fundi. Nimefukua. Kwa miti ya juu nimekuta mizizi myeupe imejaa chini ya majani. Kwa ya chini karibu na kijito ni vijinyuzi vyeusi, na mahali pengine hamna kitu. Chini ya gamba hakuna utando. Parachichi la kwenye ndoo la udongo wa chini limepata madoa kuzunguka mstari wa maji, la udongo wa juu liko safi. Sampuli nimepeleka Kabete.

Sasa swali: nikipata Dusa ya kweli, naweza kuipanda kwenye mashimo yaleyale?

Afisa Mstaafu

Hapana, kijana. Dusa inastahimili, haina kinga. Ukiiweka kwenye shimo linalotuama maji, utaizika kwa bei ghali.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Miti ya juu ni mizima, kwa hiyo mapengo ya huko mama yako ana haki, kokwa zilizotibiwa zinatosha na pesa zinabaki. Mteremko wa katikati ndiko kloni inakostahili gharama. Chimba mtaro juu yake ukatishe maji yanayoshuka kutoka nyumbani. Ng'oa visiki vya miti iliyokufa pamoja na mizizi yake, uvichome, na usipande pale pale bali kando. Inua tuta la nusu mita, pana, upande juu ya tuta, usizamishe mche zaidi ya ulivyokuwa mfukoni. Ongeza jasi, yaani kalisi salfati; inasaidia kupunguza ugonjwa. Tandaza vipande vya miti na majani makavu kwa wingi, lakini acha nafasi usiguse shina. Matandazo yanayooza polepole yanalea vijidudu vinavyomla adui huyu. Samadi mbichi ya kuku usiweke.

Miti iliyougua lakini bado ina majani, dawa za fosfonati za kudungwa kwenye shina huirudisha. Kama unawauzia wanaopeleka Ulaya, waulize kwanza kuhusu mabaki ya dawa hiyo kwenye tunda.

Na mstari wa mwisho kabisa, ule wa kijitoni, achana na parachichi. Panda nduma (magimbi).

Mkulima wa Mutuini

Mama amefurahi kusikia nduma. Nitaanza na mtaro wiki hii, na nitaenda kitaluni kutoa mche mfukoni kabla sijalipa.

Jirani wa Ruaka

Kazi njema. Ila ukichimba huo mtaro, anza shughuli za juu asubuhi, umalizie chini jioni, kisha osha jembe na buti udongo wote uishe na upanguse na spiriti. Vibarua nao wafanye hivyo hivyo. Huyu adui anapanda mlima kwa miguu ya watu.