Bendi za kopi na bendi zenye nyimbo zao: nani mwanamuziki?

Kalamu ya Usiku:
Wakuu, naweka mezani. Bendi za kopi, yaani zinazopiga nyimbo za watu, pamoja na zile za kumuenzi msanii mmoja mpaka kofia na ndevu, ndizo zinazopewa jukwaa siku hizi. Mwenye nyimbo zake anaambiwa apige mbili, muda uliobaki avipige vibao watu wanavyovijua. Mimi nasema bendi ya kopi ni kasuku aliyenunuliwa spika. Anayebisha aje na hoja.

Mkung'uta Besi:
Kasuku? Haya. Chukua kibao cha zamani chenye besi inayotembea. Punguza mwendo mpaka asilimia 70, kata sauti zote za juu ya hezi 300 au hapo karibu, ubaki na besi na ngoma ya mguu. Halafu niandikie noti za ubeti wa pili tu. Wa pili, kwa sababu huko ndiko mpiga besi hubadili njia, na msikilizaji wa juujuu anadhani amerudia ya kwanza.

Na kingine ambacho kasuku hakijui: rekodi nyingi za enzi za kanda haziko kwenye A ya hezi 440, kipimo cha kawaida cha kulinganishia ala. Mashine ilizunguka haraka au polepole kidogo, wimbo ukakaa kati ya E na F. Mtu anahangaika siku mbili akidhani masikio yake mabovu. Isogeze rekodi kwanza mpaka ikae kwenye noti, ndipo ushike gitaa.

Mzee wa Vibao:
Hata Beatles walianza kwa kopi. Albamu yao ya kwanza nusu nzima ni nyimbo za watu.

Daftari:
Si nusu, mzee wangu. 1963, nyimbo 14: za watu 6, zao 8. Na 10 kati ya hizo 14 zilirekodiwa siku moja, tarehe 11 Februari. Siku moja! Hayo ni matunda ya kupiga kopi saa kadhaa kila usiku kule Hamburg.

Kalamu ya Usiku:
Ahsante kwa kunipa hoja, Daftari. 8 ni nyingi kuliko 6. Wenzenu walipita kwenye kopi, hawakujenga nyumba humo.

Bi Noti:
Naomba tuangalie kazi yenyewe. Dakika 45 jukwaani ni nyimbo 10 au 11. Wimbo wenu mpya usiuweke wa kwanza, watu bado wanatafuta pa kusimama. Usiuweke wa mwisho, wameshaanza kuondoka. Uweke wa tatu au wa nne, kati ya vibao viwili vinavyojulikana, mwendo uleule, na msisimame kuutangaza. Mkisema tu "sasa huu ni wetu," nusu ya watu wanakwenda msalani. Miwili mfululizo, mmejimaliza. Kopi hapo ni ngazi.

Kalamu ya Usiku:
Dada, ngazi nakubali. Ila msinidanganye na habari za ustadi. Bendi ngapi za kopi mpiga kinanda anajua C na G tu, kwingine kote anabonyeza transpozi, kile kitufe cha kuhamisha ufunguo?

Vidole Kumi:
Nilikuwa nasoma kimyakimya, sasa umenigusa. Transpozi ni chombo. Muimbaji amekuja na mafua, wimbo ulikuwa A, leo anautaka A bemoli, nusu toni chini. Kodi za wimbo (noti zinazopigwa kwa pamoja) ni nane, na solo ina mteremko ambao vidole vimeuzoea kwenye funguo nyeupe. Nibonyeze kutoa moja, tuendelee, au nifanye mazoezi upya watu wakisubiri? Asiyejua kinanda asiseme.

Tarumbeta Kavu:
Anayejua ndiye anasema. Mpiga kinanda ameweka kujumlisha moja, vidole viko F, sauti inatoka F shapu, nusu toni juu. Mpiga saksafoni ya alto anamuuliza, "Tuko wapi?" Anajibu "F", kwa sababu ndiko vidole vyake viliko. Alto anapiga D yake, tarumbeta anapiga G yake (ndivyo ala hizo zinavyoiita F ya kinanda), wote wamefanya sawasawa, na kinachotoka ni paka wawili ndani ya gunia. Alto alitakiwa D shapu, tarumbeta G shapu. Nani analaumiwa? Sisi wa kupuliza, kila siku.

Vidole Kumi:
Hilo ni kosa la mdomo, si la kitufe. Taja ufunguo unaosikika, usitaje vidole.

Fundi Mitambo:
La kitufe pia lipo. Kwenye vinanda vingi transpozi haijirudishi wimbo ukiisha. Wimbo unaofuata unaanza, kinanda kiko nusu toni juu, gitaa liko chini, na kila mmoja anamtazama mwenzake badala ya kutazama ile skrini ndogo. La pili: mkiwa mmepanga milio kwenye funguo, makofi huku, honi kule, kwenye baadhi ya mashine transpozi inahamisha na hiyo milio. Mnabonyeza makofi, inalia honi. Hifadhini kila wimbo na mpangilio wake, namba ya transpozi ikiwa ndani. Kazi ya dakika tano.

Mkishamaliza hilo, acheni kuchomeka waya wa stirio kwenye tundu la mono. Bendi za kuenzi ndizo zinaongoza. Kushoto kliki ya kumhesabia mpiga drams mwendo, kulia vinanda vilivyorekodiwa, fundi anapewa waya mmoja. Ukumbi mzima unasikia tik, tik, tik.

Mkung'uta Besi:
Mbona wapiga gitaa hawasemwi? Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, ni transpozi ya chuma.

Solo la Pili:
Kapo inabadilisha mlio, nyuzi wazi zinabaki wazi. Usifananishe. Na ukiibana mbali na feti, vile vyuma vya shingoni, au ukiikaza mno, nyuzi nene zinapanda, kwa hiyo hata kuifunga kunataka akili.

Vidole Kumi:
Haya, ya kwenu akili, ya kwetu uvivu.

Mzee wa Vibao:
Kuna mtunzi mkubwa wa Marekani alikuwa na piano yenye transpozi, nimemsahau jina.

Daftari:
Irving Berlin, mzee. Alipiga karibu kila kitu kwa F shapu, vidole kwenye funguo nyeusi. Piano yake ilikuwa na wenzo chini: unausukuma, kibodi inasogea, kidole kilekile kinagonga waya mwingine. Na huyo hakupiga kopi, Kalamu. Alikuwa mtunzi.

Vidole Kumi:
Kalamu ya Usiku uko wapi? C na G tu, eti.

Kalamu ya Usiku:
Nipo. Berlin alitunga, ndiyo maana tunamtaja. Yupi anayetajwa kwa kubonyeza tu?

Mzee wa Vibao:
Whitney Houston hakutunga ule wimbo wake mkubwa wa 1992, I Will Always Love You, na anatajwa mpaka leo.

Bi Noti:
Ni wa Dolly Parton, aliutoa 1974. Na hapo ndipo mtunzi anapaswa kuzipenda kopi: mirabaha ya utunzi inakwenda kwa mwenye maneno na tuni, aimbe nani aimbe. Elvis Presley aliutaka, meneja wake akadai nusu ya haki za utunzi, Parton akakataa. Kama angekubali, 1992 angegawana.

Kwa hiyo Kalamu, mkitunga andikeni kabla ya kurekodi nani ana asilimia ngapi ya maneno na ngapi ya tuni. Mpiga solo akiongeza mlio wa kufungulia ambao kila mtu atauimba, semeni palepale kama ni utunzi au ni upangaji. Bila karatasi mtagombana wimbo ukishapendwa.

Solo la Pili:
Solo ni utunzi. Nukta.

Mkung'uta Besi:
Na besi?

Daftari:
Jamani, tusifike kwenye nani alitunga Malaika, kutakucha.

Kalamu ya Usiku:
Swali langu lilikuwa bendi za kopi zina thamani gani mbele ya zenye nyimbo zao. Kuna mtu atalijibu?

Tarumbeta Kavu:
Nitalijibu Vidole Kumi akishaniambia wimbo wa kwanza tuko ufunguo gani. Unaosikika.

Vidole Kumi:
F.

Tarumbeta Kavu:
Skrini inasemaje?

Vidole Kumi:
Subiri.