Titi limekatwa, ripoti mstari mmoja!

Wakuu, naandika nikiwa nimefura. Mods, msiunganishe huu uzi na ule wa mitishamba, nawaomba.

Dada yangu aliondolewa titi miaka miwili iliyopita, hospitali siitaji. Tulichinja hadi mbuzi. Mwezi uliopita picha imeonyesha saratani iko kwenye pingili mbili za mgongo. Na kabla ya picha alizungushwa miezi minne kwa sindano za diklofenaki za kutuliza maumivu, eti "mama, punguza kubeba ndoo". Mtu ana kovu kifuani, mgongo unamkesha usiku amelala, unamwambia habari za ndoo? Saratani ya titi ikisafiri, mifupani ndiko inakokimbilia mara nyingi, halafu mapafu, ini, ubongo.

Daktari wa saratani akaomba ripoti ya lile titi. Akaigeuza mbele na nyuma: "Hii ndiyo yote?" Mstari mmoja. Saratani ya mirija ya maziwa, imepenya. Basi.

Ukubwa wa uvimbe hakuna. Kama kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, hazina saratani, hakuna. Na tezi za kwapa! Chembe za saratani zikitoka titini, nyingi hupita njia ya limfu, yale maji ya mwili yanayopita kwenye tezi, na kukwama kwanza kwapani, ndiyo maana tezi huhesabiwa: zimetolewa ngapi, zenye ugonjwa ngapi. Asiyekutwa nao hata kwenye moja na mwenye nne au zaidi, hatari zao ni mbingu na ardhi. Za dada hazikuhesabiwa. Sina hakika hata kama zilitolewa.

Vipokezi navyo, yaani sehemu za chembe ya saratani zinazopokea ishara ya kukua, vya homoni za estrojeni na progesteroni na kile kiitwacho HER2, havikupimwa. Hapa ndipo nachemka. Mwenye vipokezi vya estrojeni hupewa tamoksifeni, kidonge cha bei ya kawaida, miaka 5 hadi 10, na kinapunguza kweli uwezekano wa ugonjwa kurudi. Mwenye vipokezi hivyo anaweza kurudiwa hata baada ya miaka 15. Asiye na vyote vitatu, balaa lake kubwa ni miaka mitatu ya mwanzo. Dada yuko kundi gani? Hakupewa hata kidonge kimoja.

Titi lenyewe nililipeleka maabara mimi, Ijumaa jioni, kwa bodaboda, ndani ya kindoo cha plastiki, fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, imelowesha chini tu. Mlinzi: "Rudi Jumatatu." Kumbe nyama ile inatakiwa ichanjwe na izame kwenye fomalini ya kutosha mapema, la sivyo inaharibika katikati na kipimo cha vipokezi kinadanganya. Mimi ni fundi alumini, ningejulia wapi? Risiti ya maabara ninayo.

Sasa shangazi kwenye grupu la familia anasema kisu ndicho kilichousambaza. Shangazi, shikamoo, lakini hapana. Chembe huwa zimeshatoroka kabla ya kisu, zikalala kimya mifupani. Kisu hakina kosa. Kosa ni la aliyekishika, akashona, akaona kazi imekwisha.

Juzi nilirudi kuomba ile bloku ya nta yenye kipande cha uvimbe, ipimwe upya kwingine. Karani hakuinua hata macho kwenye simu: "Ya nini tena, si walishalitoa titi?"