Gumzo la kikundi cha familia: linki ya fomu haifunguki

Shangazi Rehema: Wanangu habari za jioni, naomba msaada nimekwama hapa. Ile fomu ya mdogo wenu Salma ya kuomba chuo wameweka linki kwenye ukurasa wao, nikibonyeza inakuja nyeupe tu, kiduara kinazunguka weee halafu basi, na mwisho wa kutuma ni kesho saa sita usiku

Idi: Shikamoo shangazi. Hapo mtambo wao umezidiwa, watu wote wanakimbilia dakika za mwisho. Subiri usiku watu wakilala ujaribu tena

Shangazi Rehema: Marahaba. Nimesubiri tangu asubuhi Idi, nikisubiri tena si itanifungia mlango

Mamdogo Asha: Wifi mimi nikiona hivyo nafuta apu naiweka upya

Zuhura: Shikamoo shangazi, shikamooni wakubwa wote. Shangazi usifute kitu kwanza. Mamdogo hiyo ya kufuta apu tuiache iwe ya mwisho kabisa, maana akifuta saa hizi ataanza kutafuta paswedi ya akaunti yake na bado linki haitafunguka. Hebu niambie shangazi, hiyo linki unaifungulia mulemule kwenye apu ulikoiona au umetoka ukaenda Chrome?

Shangazi Rehema: Nabonyeza palepale nilipoiona mwanangu, sijatoka popote

Zuhura: Sawa. Itume hapa kwenye grupu. Idi, ikifika uifungue kwa Chrome, siyo ndani ya apu

Shangazi Rehema: 👆🏾 hiyo hapo

Idi: Imefunguka dada, chap tu. Naona jina la chuo na sehemu ya kuingia

Zuhura: Basi linki ni nzima na mtambo wao hauna shida. Shangazi ukibonyeza linki ndani ya apu za mitandao mara nyingi huwa haikutoi nje, ile apu ina kabrauza kake kadogo ndani, yaani kifungulia kurasa chake yenyewe, na ndiko inakokufungulia. Kanafanana na Chrome lakini siyo Chrome, hakajui paswedi zako ulizohifadhi, hakajui ulishaingia wapi, na kurasa nyingine kanashindwa kuzionyesha kabisa, hasa fomu zenye mambo mengi na mafaili ya PDF. Kwenye Android hako kabrauza ka ndani kenyewe hakana uwezo wa kuonyesha PDF mpaka mwenye apu aongeze kitu, ndiyo maana unaletewa weupe mtupu bila hata neno la kusema kuna kosa

Mamdogo Asha: Kumbe! Mimi matangazo yote ya PDF huwa nayaona meupe nikajua simu yangu imeshachoka

Zuhura: Simu yako nzima mamdogo. Shangazi fanya hivi, fungua ile linki pale pale inyamaze nyeupe, halafu angalia juu kulia utaona vidoti vitatu, bonyeza hapo, itashuka orodha, tafuta palipoandikwa Open in Chrome au open in external browser, maneno yanatofautiana kidogo apu na apu. Kwenye Facebook na Instagram zote vidoti hivyo vipo

Shangazi Rehema: Vidoti nimeviona. Kuna kunakili linki, kuna kuripoti, kuna... ehee Open in Chrome

Zuhura: Hapo hapo

Shangazi Rehema: IMEFUNGUKA 🙏🏾🙏🏾 Mungu akubariki mwanangu, siku nzima nimeshinda nahangaika

Idi: 🎉🎉

Zuhura: Amina shangazi. Sasa jaza hukohuko Chrome mpaka mwisho, usirudi tena kule

Mamdogo Asha: Zuhura na mimi nina swali hilohilo. Wiki iliyopita nilikuwa najiandikisha semina, linki ilifunguka vizuri tu ndani ya apu, nikabonyeza ingia kwa akaunti ya Google ikaniletea kosa 403, chini yake disallowed_useragent. Nikaacha

Zuhura: Hilo hata ubonyeze mpaka asubuhi halipiti mamdogo, ni Google wenyewe wanakataa. Walitangaza toka 2016 kwamba hawataki mtu aingize akaunti yao kwenye brauza zilizofichwa ndani ya apu, na sababu yao ni ya msingi sana, mwenye apu anaweza kuweka msimbo wake, yaani maagizo ya kompyuta, ndani ya ukurasa unaousoma na akitaka anaweza kuona unachoandika. Ukikutana na hilo kosa dawa ni ileile ya vidoti vitatu, unatoka nje, unaingia kwa Chrome

Mamdogo Asha: Yaani wanaweza kuona paswedi?

Zuhura: Uwezo upo, kwamba wanafanya hivyo hilo ni jambo jingine. Mwaka 2022 kuna mtaalamu mmoja anaitwa Felix Krause alionyesha kwamba brauza za ndani za Instagram na Facebook kwenye iPhone zinaingiza msimbo wao kwenye kila ukurasa wa nje unaofunguliwa humo. Hakusema wanaiba paswedi, alisema njia iko wazi. Kwangu inatosha. Mimi paswedi, namba ya kadi, namba ya kitambulisho, siandiki ndani ya brauza ya apu hata siku moja, na ningependa kila mtu humu ndani afanye hivyo

Idi: Na kitu kingine dada umesahau kusema, ile namba ya uhakiki ya meseji. Unajaza fomu ndani ya apu, unafika mahali wanakwambia tumekutumia namba, unatoka kwenda kuisoma, ukirudi ukurasa haupo, umerudi kwenye picha za watu!! Fomu yote imefutika unaanza upya na namba mpya

Shangazi Rehema: Hiyo ilinitokea juzi kwenye ile nyingine ya bima, nilikasirika mpaka nikalala

Zuhura: Ndiyo tabia yake hiyo, simu yenye RAM ndogo, ile kumbukumbu ya kuendeshea apu, ikiona umetoka kwenye apu inaisafisha na ukurasa unaondoka nao. Kwenye Chrome unaweza kwenda kwenye meseji na kurudi, mara nyingi unaukuta palepale. Ila shangazi namba ikija jaribu kuisoma kwa juu inaposhuka bila kutoka, iandike hapohapo

Shangazi Rehema: Nimekuelewa. Nimefika kwenye kupakia cheti, naendelea

Bamdogo Hamisi: Nawasoma. Mimi yangu hata Chrome imekataa. Kila linki inasema muunganisho si wa faragha, hata ya gazeti ninayosoma kila siku

Zuhura: Shikamoo bamdogo. Chini yake kuna maandishi madogo ya kizungu yanaanza na NET, unaweza kunisomea?

Bamdogo Hamisi: Marahaba. NET::ERR_CERT_DATE_INVALID

Zuhura: Angalia tarehe ya simu yako bamdogo

Bamdogo Hamisi: Inasema Januari 2015. Juzi betri iliisha kabisa ikakaa bila chaji

Zuhura: Ndiyo hiyo. Karibu kila tovuti ina cheti chake cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, simu yako iko 2015 inaona cheti bado hakijaanza hata kutumika, kwa hiyo inakikataa. Na kwenye brauza ya ndani ya apu mara nyingi huoni hata hilo onyo, unapewa weupe tu. Nenda setingi, tarehe na saa, washa ile ya kujiweka yenyewe kwa mtandao. Ila bamdogo na wengine, tarehe ikiwa sawa na bado unaona onyo hilo kwenye tovuti moja tu, usibonyeze kuendelea kwa nguvu, hapo tovuti ndiyo ina mashaka

Bamdogo Hamisi: Nimewasha. Gazeti limefunguka. Asante sana Zuhura

Idi: Dada na mimi basi. Linki za kwenye X, ile iliyokuwa Twitter, hazinifungukii hata moja, lakini nikiandika jina la tovuti mwenyewe inafunguka

Zuhura: Una kizuia matangazo au VPN?

Idi: Kizuia matangazo ninacho, niliweka kwenye ile setingi ya DNS ya faragha, ile simu inakoulizia anwani za tovuti

Zuhura: Linki za X zote hazikupeleki moja kwa moja, zinapita kwanza kwenye t.co ndipo zinakurusha unakokwenda. Facebook nao wana kituo chao l.facebook.com. Kizuizi chako kikiwa kimekiweka hicho kituo kwenye orodha ya kuzuiwa unakwamia njiani, ndiyo maana ukiandika jina la tovuti mwenyewe unafika. Zima hiyo DNS kidogo ujaribu, ikifunguka basi ingia kwenye kizuizi uruhusu t.co

Idi: Nimezima zimefunguka zote. Nitairuhusu hiyo t.co nirudishe kizuizi changu, matangazo siyawezi

Mamdogo Asha: Mwenzenu nimejaribu vidoti vitatu kwa ile ya semina, imenipeleka Chrome vizuri, lakini Chrome nako inasema hakuna intaneti! Na hapa grupu nachati kama kawaida, picha zenu zinakuja

Zuhura: Bando uliloweka ni la kila kitu au la mitandao ya kijamii peke yake?

Mamdogo Asha: La mitandao. Ndiyo rahisi

Zuhura: Basi hilo halitoki nje ya hizo apu mamdogo, linki ikishakupeleka kwenye tovuti nyingine bando halikuhusu tena. Weka bando la kawaida hata dogo, au ungana na waifai ya mtu ujaze hiyo fomu. Hili linawachanganya watu wengi sana na inaniuma kwa sababu mtu anaona apu inafanya kazi anaamini linki ndiyo mbovu, anakosa nafasi ya masomo au ya kazi kwa jambo la bando

Mamdogo Asha: Nimeelewa mwanangu. Bamdogo wenu akirudi nitatumia bando lake

Shangazi Rehema: Zuhura cheti kimekubali, picha ya pasipoti imekataa inasema kubwa mno

Zuhura: Jitumie hiyo picha mwenyewe WhatsApp kama picha ya kawaida, siyo kama dokumenti wala ile ya HD, itapunguzwa yenyewe. Halafu ihifadhi upakie hiyo iliyopunguzwa

Shangazi Rehema: Sawa ngoja

Idi: Na apu ikijifunga kabisa ukibonyeza linki? Rafiki yangu ya kwake inazima puu inarudi mwanzo

Zuhura: Mwambie aende Play Store atafute Android System WebView aiapdeti, na Chrome pia aiapdeti, halafu azime simu awashe. Hicho ndicho kipande ambacho apu nyingi za Android zinakitumia kufungulia kurasa humo ndani. Machi 2021 kilipata hitilafu baada ya apdeti, apu za watu zikawa zinajifunga dunia nzima, na Google walitoa dawa kwa apdeti ya hivyo hivyo viwili

Idi: Namfowadia sasa hivi

Bamdogo Hamisi: Hivi hakuna namna ya kuiambia simu moja kwa moja ifungulie nje kila siku, kuliko kubonyeza vidoti kila mara?

Zuhura: Facebook ipo bamdogo. Ingia kwenye setingi zake, hapo wamekuwa wakipahamishahamisha kwa hiyo tafuta palipoandikwa Media au Browser, ukipaona utakuta kitufe cha kufungua linki nje, ukiwashe. Palepale pana pa kufuta data za kuvinjari za hako kabrauza, zikijaa takataka za zamani nazo zinaweza kukwamisha kurasa, na ukizifuta hupotezi picha wala marafiki. Apu ambayo haina kitufe hicho utaendelea na vidoti

Mamdogo Asha: Na hii hapa niliyotumiwa leo je, inasema nimeshinda simu nibonyeze nijaze namba yangu, nayo haifunguki

Zuhura: Hiyo iache hivyohivyo isifunguke mamdogo 🙏🏾 tafadhali usiipeleke Chrome. Linki kama imetoka kwa mtu usiyemfahamu na inakuahidi zawadi, ifute. Ndiyo maana hata WhatsApp namba usiyoihifadhi ikikutumia linki wanaizuia isibonyezeke mpaka umjibu au umhifadhi. Kabla hujaandika chochote popote soma jina la tovuti juu kabisa, brauza za ndani ya apu mara nyingi zinalikata jina hilo unaona kipande tu, Chrome ukigusa pale juu unaliona lote

Mamdogo Asha: Nimeifuta

Shangazi Rehema: IMEKWENDA! Wamenipa namba ya maombi na wameniletea barua pepe ya kuthibitisha. Picha nilifanya ulivyosema ikakubali

Idi: Hongera sana shangazi, hongera Salma

Bamdogo Hamisi: Alhamdulillah. Mungu amfungulie

Zuhura: Hongera shangazi!! Sasa piga skrinishoti ya hiyo namba ya maombi umtumie na Salma, na kama kuna kitufe cha kupakua fomu iliyojazwa kipakue sasa hivi ukiwa hukohuko Chrome

Shangazi Rehema: Nimekipakua, imefunguka PDF yake na jina la Salma limeandikwa vizuri. Namtumia sasa hivi