Naomba ushauri: mbwa wa kuishi naye ndani ya gari-nyumba

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mimi na mume wangu tunaishi Minnesota, Marekani, na mwezi Mei tunaanza safari ya miaka miwili kwa gari-nyumba, tukipitia hifadhi ya taifa ya Yellowstone hadi Kanada. Mume wangu anampenda Greyhound, mbwa mrefu mwembamba wa mashindano, aliyestaafu mbio, kwa kuwa hulala sehemu kubwa ya siku. Mimi nahofia manyoya yake mepesi wakati wa baridi, na moyo wangu uko kwa Poodle mdogo, mbwa mwenye manyoya ya kusokotana. Nimepima nafasi kati ya kitanda na jiko, nikapata sentimita 60 tu. Yellowstone mbwa haruhusiwi kwenye njia za matembezi, nasi hatutaki kumfungia garini juani. Mliowahi kuishi hivyo, mngemchagua yupi, na mchana mlimwacha wapi?