"HII NI YA MBUZI"?! Mbele ya wageni?? Mtu wa kofia amenizoea!

MamaManagu:

Nimetoka shambani sasa hivi, udongo bado uko kwa kucha, na singoji nipoe ndiyo niandike. Mnamjua. Sitaji jina. Kila mtu anayeishi huku upande wa Kiamunyi, kwenye hizi nyumba zilizozunguka shamba la katikati, anamjua. Yule wa kofia pana, anayezunguka na fimbo akielekeza mboga ya kila mtu ikae wapi, na jembe lake mwenyewe hana.

Leo ni siku ya kuvuna. Akina mama tumeinama kwa matuta, watoto wanabeba vikapu. Akatokea na wageni waliokuja kuonyeshwa ploti. Wamevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, shambani, mvua ya Aprili! Wakafika kwa tuta langu la managu, ile mboga ya kienyeji wengine huita mnavu. Mbegu alinibebea mama mkwe kutoka Kisii. Nimeiwekea mbolea ya kuku, nimekuwa nikichuma vichipukizi na kukata maua ili izidi kutoa majani, imefika kiunoni. Huyo mtu akainama akaing'oa. AKAING'OA! Na mizizi! Managu huchumwa, jamani, nani huing'oa? Akaishika kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na shati lake, akasema, "Mama, hii ni ya mbuzi. Hapa tunataka mboga."

Hii ni ya mbuzi.

Wageni wakacheka. Mmoja akapiga picha. Kesho mtaniona kwenye tangazo la kuuza ploti, mdomo wazi.

Eti "tunataka mboga". Mboga gani? Ile letusi yake iliyokauka kabla hata ya Pasaka, ambayo hakuna nyumba ilichukua hata jani? Au zile kabichi anazozipiga dawa mpaka vipepeo wote wamehamia Naivasha? Sisi tulipohama Shabab tuliambiwa huku tutakula kinachoota hapa, cha kwetu, kutoka shambani hadi sufuria bila kupitia gari la mtu. Kila mwezi tunalipa pesa za shamba. Kama managu si ya hapa, basi ni ya wapi? UNESCO mwaka wa 2021 waliiorodhesha kazi ya Kenya ya kuokoa vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa duniani. Dunia inatuiga, na mtu wa kofia anatafuta mbuzi.

NA MBUZI HATUNA! Sheria za mtaa zinakataza mbuzi, na aliyeziandika ni yeye!

Vidole viwili. Mbele ya watoto wangu. Na mama mkwe mwenyewe, mwenye mbegu, alikuwa amekaa pale kwa kiti akisikia kila neno. Tangu tumerudi nyumbani hajafungua mdomo. Ameomba tu aletewe mkoba wake. Mnaelewa maana yake? Mkoba!

Nataka aniombe radhi hadharani, pale pale kwa tuta, akiwa ameshika managu kwa mikono miwili.

Kijana_wa_Njoro:
Nimemjua kwa kofia tu. Huyo ndiye alimwambia baba yangu viazi vitamu vinaharibu mandhari.

FundiBomba:
Mandhari gani? Menengai imekaa pale na shimo lake lote, iharibiwe na viazi vya mzee?

Nyanya_wa_Bahati:
Pole sana mama watoto. Lakini managu kiunoni? Ikifika huko imezeeka na majani yamekuwa machungu kabisa. Ulikuwa unangoja nini usiichume?

MamaManagu:
Shosho, na heshima zote, leo niko na hasira. Usinipimie managu.

Mpita_Njia:
Sitaki kuongeza moto, lakini huyo mzee nilimwona Ijumaa hotelini pale mjini. Ugali na managu ya maziwa. Aliongeza sahani.

MamaManagu:
NINI??? ALIKULA KWA VIDOLE VINGAPI???

Mwalimu_Mstaafu:
Mtumieni picha za Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT. Amesomea hizi mboga za kienyeji na kuzifundisha miaka na miaka, managu, saga, mrenda, kunde, zote. Mtu anajengewa jina na managu, mwingine anaiona chakula cha mbuzi.

Shemeji_wa_Kakamega:
Mimi naona shida ni uchungu. Hiyo managu ingewekwa mushereekha, hata mtu wa kofia angetulia. Choma maganda ya maharagwe, pitisha maji kwa majivu, basi. Maziwa yenu yanaharibu mboga.

Omong'ina:
Maziwa yanaharibu?! Wewe umewahi kula chinsaga, hiyo saga yetu ya Kisii, iliyolazwa na maziwa usiku mzima ikapashwa moto asubuhi? Ukishakula uje hapa utuombe msamaha.

Shemeji_wa_Kakamega:
Mboga ya jana ndiyo unajivunia?

Omong'ina:
Ya jana NA ya juzi. Sufuria yangu haikuhusu.

Nyar_Dunga:
Nyinyi mna bahati, mna mtu wa kofia. Sisi huku Dunga tuna kiboko. Anatoka ziwani usiku, anamaliza sukuma ya watu, anakanyaga na mahindi juu yake, asubuhi unaachiwa nyayo. Huyo utamwita mkutano gani aombe radhi?

Shemeji_wa_Kakamega:
Afadhali kiboko anakuja usiku. Nyani wa huku msituni wanakuja mchana, wanavunja mahindi wakikuangalia machoni.

MamaManagu:
Jamani turudi kwa mada. Mama mkwe ameshika mkoba! Aliing'oa NA MIZIZI!

FundiBomba:
Na jogoo wa nyumba ya tatu kutoka geti? Saa tisa usiku! Huyo naye ni chakula cha kienyeji, mbona haliwi?

Baba_Pacha:
Jogoo mwacheni. Mtu ashughulikie kisima. Huku Nakuru maji ya visima yana floraidi, meno ya watoto wangu yameanza kuwa na madoa ya kahawia. Nachemsha kila siku na sioni tofauti.

FundiBomba:
Kuchemsha hakutoi floraidi, ndugu. Maji yanapungua na yenyewe inabaki, inakuwa nzito zaidi. Tafuta chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, hapa hapa Nakuru watu wamezitumia miaka mingi. Ule mkaa unainasa. Ukikaa sana huchoka, lazima ubadilishwe.

Binti_Mboga:
Mifupa? Mimi sili nyama kabisa.

FundiBomba:
Dada, ni mkaa, si supu.

Baba_Pacha:
Unabadilishwa baada ya muda gani? Na wa ndoo ya lita ishirini unapatikana?